Kung'oa Vipimo vya Gari la Chama

Maelezo yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi waliokutana Ivuna, Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe



Mada iliyowekwa mbele ya mkutano huu ni ndogo kwa umbo. Inahusu kipande cha bati kilichopo mbele ya viti vya gari, ambacho mafundi hukiita dashibodi, pamoja na saa mbili au tatu zilizopachikwa humo. Pengine wako watakaoona ajabu kwamba wakulima wa mpunga na ufuta, wenye magunia ya kuhesabu na madeni ya pembejeo ya kulipa, wakalishwe chini kusikiliza habari za skrubu na mishale. Lakini katika bonde hili la Ziwa Rukwa kilikuwako chama kimoja, ambacho jina lake halina haja ya kutajwa, kilichokaribia kumdhulumu mtumishi wake mwaminifu kwa sababu ya saa moja tu iliyong'olewa garini bila maandishi. Inafaa kuanza na shauri hilo.

Chama hicho kilikuwa na Land Rover kongwe ya aina iitwayo Series IIA, iliyokuwa ikitengenezwa Uingereza kati ya mwaka 1961 na mwaka 1971. Injini yake ilikuwa ya petroli, ya lita mbili na robo. Gari hilo lilikuwa limepita katika mikono mingi, kama yalivyopita magari mengi ya ushirika. Wazee waliopo wanakumbuka kwamba vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwezi wa Mei 1976, mali zake zikakabidhiwa kwa wengine, kisha sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Katika kwenda na kurudi huko magari yalihama, na aghalabu karatasi zake hazikuhama pamoja nayo.

Dereva wa gari hilo alikuwa mtu mzima, aliyelishika usukani tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Kila aliporudi safarini, kabla ya kunawa mikono, aliandika katika daftari la safari tarehe, mahali alikokwenda, mzigo aliouchukua, namba iliyosomwa katika saa ya mwendo alipoondoka na aliporudi, na petroli aliyotiliwa. Msimu mmoja wa ufuta ulianza saa ikisoma 46,118, ukaisha ikisoma 47,318. Petroli iliyotolewa kwa stakabadhi katika msimu huo ilikuwa lita 320.

Msimu ulipokwisha, gari liliegeshwa kando ya ghala likingojea matairi. Siku moja akaja mjumbe mmoja wa Bodi na bisibisi yake, akaitoa saa ya mwendo na saa ya mafuta, akamwambia mlinzi kwamba vitu hivyo vinapelekwa Tunduma kutengenezwa. Mlinzi hakupewa karatasi, wala hakuiomba. Nani amwombe mjumbe wa Bodi karatasi?

Mwishoni mwa mwaka katibu mpya, kijana mwenye bidii na mwandiko mzuri, alianza kupanga hesabu za gari katika daftari jipya. Daftari hilo lilikuwa limechapwa safu yenye kichwa "Kilomita". Kijana akahamisha namba za mzee kama zilivyo: 47,318 kutoa 46,118, jibu 1,200. Alikuwa amearifiwa na mafundi, nao hawakukosea, kwamba Land Rover ya namna ile ikiwa na mzigo huenda kilomita sita hivi kwa lita moja. Kwa hiyo msimu mzima ulipaswa kula lita 200, yaani pipa moja kamili. Lita 120 zilikuwa zimezidi. Hesabu ya kijana huyo ilikuwa sahihi kabisa kwa namba alizokuwa nazo.

Mzee akaitwa mbele ya Bodi.

"Mzee," Mwenyekiti akauliza, "lita mia moja na ishirini zimekwenda wapi?"

"Zimekwenda katika injini, Ndugu Mwenyekiti. Namba hizo si kilomita. Ni maili."

"Mzee, nani asiyejua kwamba nchi hii hupima barabara kwa kilomita?"

"Nchi hupima kwa kilomita. Saa ya gari lile hupima kwa maili. Imeandikwa usoni pake. Twendeni tukaitazame."

Wakatoka wote kwenda kuitazama. Mahali pa saa palikuwa na matundu mawili ya mviringo, na nyaya zikining'inia kama mizizi ya mihogo iliyofukuliwa na nguruwe. Mjumbe aliyezing'oa alikuwepo, naye akanyamaza. Madaftari ya miaka ya nyuma, ambayo yangaliweza kusaidia, yalikuwa yameliwa na mchwa. Bodi ikaamua kwamba thamani ya lita 120 ikatwe katika mshahara wa dereva, na yeye asimamishwe kazi hadi mkutano mkuu. Mzee akaweka funguo mezani, akaaga, akaenda zake.

Yafaa isemwe hapa kwamba dawa ilikuwamo mle mle chumbani. Kama mtu mmoja tu angalichukua safari moja ya kwenda Tunduma katika daftari la mzee, akailinganisha na urefu wa barabara unaojulikana na kila mwenye basi, shauri lingalikwisha siku ile ile. Hakuna aliyefanya hivyo. Watu wakishaanza kutafuta mwizi, kutafuta hesabu huwa kazi nzito.

Kabla ya kueleza shauri lilivyoishia, inafaa ifahamike vitu hivyo vilivyong'olewa ni nini, na vinafanyaje kazi.

Kila chama hapa kina mizani. Hakuna mkulima atakayekubali ufuta wake ukadiriwe kwa macho, na Wakala wa Vipimo huja kuikagua mizani hiyo na kuitia alama. Basi vipimo vya dashibodi ndivyo mizani ya gari. Saa ya mwendo hupima njia iliyokwendwa. Saa ya mafuta hupima kilichonunuliwa kwa fedha za wanachama. Mshale wa joto na ule wa chaji huwasemea injini na betri, ambazo hazina kinywa. Gari linaweza kwenda bila vitu hivyo vyote, kama vile ufuta unavyoweza kununuliwa bila mizani.

Saa ya mwendo ya magari hayo ya zamani haitumii umeme hata kidogo, isipokuwa kwa taa yake. Kutoka katika giaboksi huja waya mnene uliosukwa, nao huzunguka ndani ya ala yake kwa kadiri magurudumu yanavyozunguka. Ndani ya saa waya huo huzungusha sumaku. Sumaku haigusani na mshale. Huuvuta kwa nguvu zake kikombe chepesi cha aluminiamu kilichoshikwa na springi nyembamba kama unywele. Gari likienda kasi, kikombe huvutwa zaidi na mshale hupanda. Upande wa pili waya ule ule huendesha vigurudumu vyenye tarakimu, ambavyo huhesabu maili au kilomita. Hapo ndipo penye jambo kubwa kwa mwanaushirika. Kwa kuwa vigurudumu hivyo ni vya chuma na meno, na si vya umeme, hubaki vilivyo saa inapotolewa. Saa iliyolala rafuni miaka kumi bado inasema gari liliishia wapi.

Saa ya mafuta haina kumbukumbu ya namna hiyo. Ndani ya tangi mna boya linalopanda na kushuka pamoja na petroli, na boya hilo hubadili kiasi cha umeme kinachopita. Katika magari ya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 umeme huo hupasha joto kijibati chembamba ndani ya saa, nacho hujikunja na kuusukuma mshale. Ndiyo sababu mshale wa namna hiyo hupanda polepole mtu anapofungua swichi. Ili usidanganywe na betri inayopanda na kushuka nguvu, nyuma ya bati huwekwa kikopo kidogo kinachotoa volti 10 tu. Kikopo hicho kikikosa kushikamana vizuri na bodi la gari, mshale wa mafuta na ule wa joto hupanda pamoja, na dereva hudhani ana tangi lililojaa na injini inayochemka. Mara nyingi mafundi wamefungua rejeta na kubadili thamostati ilhali kosa lilikuwa skrubu moja yenye kutu.

Sasa, kwa nini vitu hivi vimeanza kutafutwa? Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, na Defender ya mwisho ya ukoo ule wa zamani ilitoka kiwandani Solihull mwezi wa Januari 2016. Tangu hapo watu wenye fedha wamekuwa wakiyafufua magari haya kwa mapenzi. Mwezi wa Oktoba 2024 yalikusanyika Arusha kwa tamasha kubwa lililotangazwa kila mahali, na wengi wakatambua kwamba kile walichokiona kuwa bati la kuatamia kuku ni mali. Mwenye kufufua gari hutaka saa zake za asili, zile za mviringo zenye uso mweusi. Mpya zinazofanana huweza kununuliwa, lakini mpenzi wa gari huitaka ya kale. Basi yuko mtu huzunguka vijijini akiuliza, na katika yadi za vyama ndimo yalimo magari yasiyo na mlinzi wala mtetezi.

Si vibaya kwa chama kuuza. Gari lililokwisha, ambalo wanachama wameamua katika mkutano wao kwamba halitengenezeki, laweza kuuzwa zima au vipande, na vipande aghalabu huleta zaidi. Ubaya ni kuuza kimya kimya. Hapa Ivuna hapahitaji mfano wa kutoka mbali. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka hapa, na mawe yaliyookotwa yalikuwa na uzito wa gramu 705 hivi, yaani pungufu ya kilo moja ya sukari. Lakini kwa kuwa mahali, siku na uzito viliandikwa, jiwe hilo limekuwa kipimo cha mawe mengine: kundi zima la vimondo vya asili hiyo hutambulishwa duniani kwa herufi mbili, na ya pili ni I ya Ivuna. Sehemu yake imehifadhiwa katika jumba la makumbusho huko London, ndani ya hewa ya naitrojeni isije ikaharibika. Yako maneno ya kusemwa kuhusu jiwe la Ivuna kukaa London, nayo si ya mkutano huu. Linalotakiwa hapa ni kwamba jiwe la gramu 705 linajulikana liliko, na saa ya gari la chama, yenye uzito usiopungua sana huo, haikujulikana iliko hata kwa miezi sita.

Basi ikiwa imeamuliwa kihalali kwamba vipimo vitolewe, ama kwa kuuzwa, ama kwa kutengenezwa, ama kwa kuwekwa ghalani visiibwe, kazi ifanywe kama ifuatavyo, na karatasi itangulie bisibisi.

Kabla ya kugusa chochote, watu wawili wasome saa ya mwendo na kuandika tarakimu zote pamoja na kipimo chake, maili au kilomita. Halafu wasogeze macho karibu na uso wa saa. Chini kabisa, kwa maandishi madogo sana, mwatengenezaji wa Kiingereza kama Smiths walichapa namba ya aina ya saa, na kando yake namba nyingine, tuseme 1000 au 1500. Hiyo ya pili ni idadi ya mizunguko ambayo waya hufanya kwa kila maili moja. Ni namba yenye maana kuliko jina la kiwanda. Saa yenye namba tofauti yaweza kuingia katika tundu lile lile, ikakaa vizuri, ikapendeza, na ikasema uongo kila siku. Namba zote hizo ziingizwe katika daftari la mali na katika hati ya makabidhiano, na mchukuzi atie sahihi.

Baada ya hapo betri. Waya ulioshika bodi la gari, ambao mafundi huuita ethi, ndio utolewe kwanza, kwa sababu spana ikiugusa mwili wa gari wakati huo hakuna dhara. Ajihadhari fundi asidhani kwamba ethi ni hasi siku zote. Series IIA za kabla ya mwaka 1967 kwa kawaida ziliunganishwa chanya kwenye bodi. Kijana aliyezoea magari ya leo akirudisha betri kwa mazoea huweza kuunguza vitu ambavyo havikuwa na kosa. Na katika magari yenye mshale wa ampea, umeme mwingi wa gari hupita nyuma ya mshale huo kwa waya mnene. Bisibisi ikidondoka hapo betri ikiwa imefungwa, moto wake hauulizi nani mwenye gari.

Katika Series II na IIA bati la vipimo limewekwa katikati, ili lifae kwa usukani wa kulia na wa kushoto. Series III, iliyoanza mwaka 1971, ndiyo iliyovileta vipimo mbele ya dereva. Skrubu za bati zikishatoka, bati livutwe taratibu. Halitakuja mbali, kwa kuwa waya wa mwendo unalishika kwa nyuma. Hapa ndipo wenye haraka huvunja. Mkono uingizwe nyuma, nati ya waya huo izungushwe kwa vidole. Imekusudiwa kwa vidole. Koleo huikunja, na nati iliyokunjika haitashika tena.

Nyaya za umeme zina rangi zake. Ya kahawia hutoka betri, nyeusi huenda ethi, nyekundu yenye mstari mweupe ni ya taa za vipimo, kijani yenye mstari mweusi huenda kwenye boya la tangi. Hivyo ndivyo vitabu vinavyosema. Lakini gari lililokwisha kutengenezwa kwa miaka hamsini na kila aliyepita njiani huwa na rangi zake lenyewe, na vumbi la Rukwa hufanya kahawia, nyekundu na kijani kuwa ndugu wa tumbo moja. Kwa hiyo kila waya ufungwe kikaratasi kwa uzi, kiandikwe ulikotoka. Kazi hiyo huchukua robo saa. Kuitafuta njia ya waya mmoja usio na jina huweza kuchukua siku mbili, tena kwa kulipwa na wanachama.

Saa yenyewe hushikwa kwa nyuma na kichuma chenye umbo la daraja na nati ndogo za kuzungushwa kwa mkono. Zikitoka, saa hutoka kwa mbele. Asiisukume mtu kwa kidole katika kioo. Asiifungue ili kuona mlivyo ndani, maana springi ile ikiguswa haitarudi ilivyokuwa. Na hasa asitie mafuta! Wako madereva wema wanaomimina oili katika ala ya waya ili usipige kelele. Oili hupanda pamoja na waya hadi ndani ya saa, hugandisha kikombe na sumaku, na mshale hurukia mwisho gari likienda mwendo wa baiskeli. Grisi kidogo, tena upande wa chini tu wa waya, yatosha.

Saa ya mafuta ikishatolewa, isijaribiwe kwa kuunganishwa moja kwa moja na betri. Imezoea volti 10. Volti 12 na zaidi huiunguza. Na gari likiwa na alteneta, taa nyekundu ya chaji isitupwe kwa kudhaniwa kuwa pambo. Umeme mdogo unaopita katika balbu hiyo ndio huiamsha alteneta. Balbu ikikosekana, gari laweza kutembea mchana kutwa bila kuchaji, na usiku likalala porini na mzigo.

Kwa upande wa matrekta ya zamani, ambayo vyama kadhaa vinayo, yako mambo mawili ya kuangaliwa. Mshale wa joto katika mengi yao hauna umeme. Umeunganishwa na injini kwa mrija mwembamba wa shaba ulio kitu kimoja na saa, wenye kimiminika kinachogeuka mvuke upesi. Anayeukata mrija ili atoe saa ameiua saa. Lazima ncha yake ifunguliwe kwanza kwenye injini, baada ya kupunguza maji, kisha vyote vitolewe pamoja. Mrija wa mshale wa oili nao uzibwe kabla ya injini kuwashwa, la sivyo oili yote humwagika chini ikiwa ya moto. La pili ni saa ya kuhesabu kazi. Trekta hulipisha kwa eka, lakini hufanyiwa matengenezo kwa saa za injini, na chama kinachong'oa kipimo hicho huwa kinabadili oili kwa kubahatisha. Kwa vipimo vya magari ya kijeshi ya wakati wa Vita Kuu ya Pili lipo onyo moja fupi: baadhi ya nyuso zake zilipakwa rangi ya kung'aa gizani yenye radiamu, nayo ni sumu. Zisikwanguliwe, wala watoto wasipewe kuchezea.

Basi lile shauri. Makamu Mwenyekiti wa chama kile alikuwa mama mkulima wa mpunga, asiyejua gari ila kwa kupanda nyuma. Uamuzi wa Bodi haukumridhisha. Alisema jambo moja tu: kwamba mtu mwenye kuiba petroli hangewaita wenzake wakaitazame saa. Akatafuta nafasi, akapanda gari la magunia hadi Tunduma, akaulizia katika karakana moja baada ya nyingine. Katika karakana ya nne fundi akamwambia kwamba aliinunua saa ya namna hiyo, lakini mteja wake aliikataa alipoona inasoma maili. Ilikuwa rafuni, imefunikwa na gazeti.

Mama yule hakuwa na namba ya aina, kwa kuwa hakuna aliyeiandika. Hakuwa na hati, kwa kuwa haikutolewa. Kitu pekee alichokuwa nacho ni daftari la mzee, ambalo alilibeba katika kanga yake. Akamwomba fundi aifute saa vumbi na kumsomea tarakimu. Fundi akasoma: nne, saba, tatu, moja, nane. Mama akafungua ukurasa wa mwisho. Ilikuwa 47,318. Juu ya tarakimu hizo, katika uso mweusi, ziliandikwa kwa rangi nyeupe herufi tatu zinazomaanisha maili kwa saa.

Maili 1,200 ni kilomita 1,931. Kwa lita 320, gari lilikuwa limekwenda kilomita sita na kitu kwa lita moja, likiwa na mzigo, likipanda ukingo wa Bonde la Ufa. Katibu kijana alifanya hesabu hiyo mwenyewe mbele ya Bodi, akaifanya mara mbili, kisha akaenda nyumbani kwa mzee kumwomba radhi kabla hajatumwa. Mjumbe aliyeuza saa alitakiwa kurudisha fedha, na karakana ikarudishiwa zake. Akajitetea kwamba hakukusudia kumwangamiza mtu, na huenda ni kweli. Alikuwepo lakini siku ile mbele ya matundu mawili, na neno moja lake lingalitosha. Mkutano mkuu ulimwondoa katika Bodi. Saa ya mafuta haikupatikana hata leo.

Ukazuka ubishi kama inunuliwe saa ya kilomita. Mafundi wakaeleza kwamba ni lazima itafutwe yenye mizunguko inayolingana na giaboksi ile, nayo si rahisi kuipata. Mzee, ambaye mshahara wake ulirudishwa wote, aliombwa arejee kazini. Alikaa wiki mbili bila kujibu. Alipokuja alikuja na bisibisi yake mwenyewe. Aliipachika saa, akaifunga nati kwa vidole, akakunja vikaratasi vya nyaya akavitia mfukoni. Katibu alichukua brashi, akaandika MAILI kwa rangi nyekundu katika bati juu ya saa, kisha akafungua daftari jipya, akakata neno "Kilomita" katika kila ukurasa kwa rula. Safari iliyofuata ilikuwa ya magunia matupu, na iliandikwa kwamba ilianza na 47,318.